Kupenda upya baada ya miaka 40: wajane, wagane na mlioachika, tupeane uzoefu

Habari za jioni wapendwa. Nasoma riwaya za mapenzi tangu sekondari, na karibu zote binti ana miaka ishirini na kitu, kikwazo chake ni baba mkali. Juzi nimeazimwa moja ambayo mhusika mkuu ni mama wa miaka 47, ameachika, ana duka la vitambaa, na anayempenda ana mvi na wajukuu. Nimeisoma mpaka alfajiri. Nataka tuzungumze habari zetu wenyewe.

Naanza. Mimi ni mjane, nipo Morogoro, nimeolewa tena. Walionitesa ni wakwe: walitaka nirithiwe na mdogo wa marehemu, la sivyo nihame. Binti wa wifi yangu amesomea sheria, akanionyesha kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kinasema mjane yuko huru kuishi anapopenda, kubaki bila mume au kuolewa na mwanaume aliyemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vingine. Nilikisoma kwa sauti kwenye kikao cha ukoo. Mzee mmoja akaomba nirudie. Nikarudia.

Karibuni: mlianzaje, watoto walipokeaje, mali mlipangaje?

Mama wa Tanga: Hongera sana dada. Mimi niliachika nikiwa mtu mzima, nikakaa eda yangu, nikasema basi tena. Huyu wa sasa tulijuana kwenye kikoba, alikuwa mweka hazina. Nilimwambia mambo ya kujificha sitaki, aje kwa kaka zangu mchana kweupe. Mahari nilitaja mwenyewe: msahafu na cherehani. Nashona mpaka leo.

Baba wa Mwanza: Shikamooni wakubwa. Mimi ni mgane. Binti yangu mkubwa alikataa hata kula meza moja na mke wangu mpya. Sikumlazimisha, na mke wangu hakumlazimisha. Picha ya marehemu aliikuta ukutani akaiacha palepale, anaifuta vumbi kama vitu vingine. Ilichukua muda mrefu, naumia nikikumbuka. Binti alipojifungua, mke wangu ndiye aliyekwenda kumkanda na kumpikia uji. Sasa anamwita mama mdogo. "Mama" ni ya marehemu, na tumekubaliana iwe hivyo.

Mdau wa Mombasa: Kuhusu mali: huku kwetu Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inaruhusu wachumba kuandikiana makubaliano kabla ya kufunga ndoa. Mimi na mwenzangu kila mmoja alikuwa na kiwanja na watoto wake. Tuliandika kipi cha nani, tukawaita watoto wote wakasikia. Minong'ono iliisha siku ileile. Nawasihi wenye umri wetu msione haya kuliongea hili.

Mdau wa Dodoma: Niongezee kwa wanaosema "tutaishi tu hivihivi." Kwa sheria hiyohiyo ya 1971, kifungu cha 160, mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi wakajulikana kama mke na mume, huchukuliwa kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mjue mnaingia wapi.

Mama wa Iringa: Dada mwenye uzi, mimi nina miaka 52. Kuna baba tunaimba naye kwaya, ameshatamka. Mwanangu wa mwisho yuko kidato cha sita, mtihani ni Mei. Nimwambie sasa au nisubiri?

Mwenye uzi: Dada yangu, mwache amalize mtihani. Ila Iringa kwaya zinajuana, asije akaambiwa na mtu mwingine. Mwombe huyo baba asikusindikize nyumbani kwa sasa, na mtihani ukiisha mwambie wewe mwenyewe, kabla hujamwambia hata dada yako.