Tupeane uzoefu: kusoma kwa grupu mtandaoni, nini kilikufanya uridhike?

Nesi wa Tabora
Wakuu salama? Nasoma digrii kwa masafa huku niko kazini, mwaka wa tatu sasa, na karibu kila kozi ina kazi ya grupu ya mtandaoni. Kwako wewe ni kitu gani hasa kilifanya useme hapa nimesoma kweli na nimeridhika?

Naanza mimi. Mwaka wa kwanza tulikuwa saba, grupu la WhatsApp halilali, salamu, dua, picha za maua, ila kazi hakuna anayeigusa. Siku moja kabla ya kukusanya nikaandika peke yangu mpaka saa tisa usiku maana mimi ndo nilikuwa na laptop, asubuhi watu wanatuma tu namba za usajili niwaweke kwenye jalada, na maksi tukapata sawa wote. Iliniuma sana aisee.

Semesta iliyofuata tukawa wanne, kila mtu na kipande chake na jina lake pembeni, mimi nikapewa chanjo za watoto. Nikatuma usiku, asubuhi natoka zamu nakuta voisi noti ya dada mmoja yuko Pemba, dakika nne nzima, majogoo yanawika nyuma, ananiambia "dada, jedwali lako linasema chanjo ya pentavalent dozi tatu, huku chini umeandika mbili, tushike ipi?" Kumbe mbili nilichanganya na dozi za rota, ile chanjo ya kuhara. Nilisimama pale getini nikaisikiliza mara mbili. Mtu kasoma kazi yangu mpaka kaona kosa! Hapo ndo niliridhika, hata maksi zilikuwa bado.

Mwalimu mtarajiwa, Eldoret
Mimi yangu ni ya 2020, vyuo vilifungwa Machi kwa sababu ya korona kila mtu akarudi kwao. Tulikuwa tunatumia Zoom ya bure, ikifika dakika 40 inakata, mwanzoni ilitukasirisha kwa sababu nusu saa imeisha watu wakiulizana "mnanisikia?" Kisha msichana mmoja akasema kila mtu asome kabla, aje na swali moja tu, na tuanze na mwenye mtandao mbaya ndio asipotee kabla hajaongea. Dakika 40 zikatosha! Mimi nilikuwa wa mtandao mbaya, napanda mlimani nyuma ya boma kutafuta network, na kwa mara ya kwanza nikawa nasikizwa mpaka mwisho. Darasani sikuwa naongea kabisa.

Mama Wawili
@Mwalimu mtarajiwa hongera sana. Mie mikutano ya live ilinishinda, saa mbili usiku ndo nasonga ugali na mtoto yuko mgongoni. Kilichonifaa ni Google Docs, naingia saa kumi alfajiri wamelala, naandika, naacha komenti, wenzangu wananijibu mchana. Wakiniuliza kozi ipi nilifurahia nasema ile, maana hakuna aliyenihesabu mtoro kwa kukosa kikao. Na bando linatosha, maandishi hayali MB kama video.

Mshauri wa tasnifu
Nafundisha hizi kozi, naomba niongee upande wetu. Garrison, Anderson na Archer, mwaka 2000 huko Canada, waliandika kwamba darasa la mtandaoni linasimama kwa vitu vitatu: wanafunzi wahisi wako na watu, wafikiri kwa kina, na mwalimu awepo. Hicho cha tatu tunakiua sisi wenyewe, tunaunda magrupu halafu tunapotea mpaka siku ya kusahihisha. Siku hizi kila grupu naliandikia walau mara mbili kabla ya kukusanya, na nafungua historia ya faili kwenye Docs kuona nani kaandika nini, maksi nyingine ni za grupu na nyingine za mtu binafsi. Malalamiko yamepungua mno. @Nesi hilo la maksi sawa kwa wote lilikuwa kosa la aliyepanga kozi, wala usijilaumu.

Wa Muscat
Muangalie na saa jamani. Tulikuwa na kozi ya mwalimu wa Uingereza, kaandika 20:00 GMT, yaani saa mbili usiku kwa saa za Greenwich, waliopo Dar ikawa saa tano usiku na mimi huku saa sita, mwingine akaelewa saa mbili ya kwetu akakaa peke yake mpaka akakata tamaa, hakurudi tena kwenye kozi. Nilimuonea huruma sana.

Nesi wa Tabora
@Mshauri asante mwalimu, nilihitaji kuambiwa hivyo miaka miwili iliyopita. @Mwalimu mtarajiwa hiyo ya kuanza na mwenye mtandao mbaya naipeleka kwetu leo leo, tuna kikao Jumatano na kuna kaka yuko Kaliua hatujawahi kumsikia sauti. Wengine endeleeni kushusha.