Mama ana tende la mguu, jirani anasema tununue doksi. Nimsikilize?

Binti_wa_Pangani

Asalaam aleykum wana jukwaa, na wengine wote habari zenu.

Naomba msaada wa mawazo hasa kwa walioko hospitali au wanaojua mambo ya utafiti. Mama yangu ni mtu mzima kashapita sitini, yuko Pangani upande wa Bweni, mguu wa kushoto una tende toka sie tuko shule ya msingi. Zamani ulikuwa unavimba jioni, asubuhi akiamka umepungua, siku hizi haupungui tena, ngozi imekuwa ngumu na pale kwenye kifundo pameweka mikunjo. Ila kinachomtesa si ukubwa wenyewe, ni ile homa. Kila baada ya muda anashikwa na baridi anatetemeka, mtoki unamtoka, mguu unawaka moto kama pasi, analala ndani hata kwenda msalani mpaka ashikwe mkono.

Sasa kuna jirani yetu naye ana tende, anasema kameza doksi za dukani, ile antibayotiki, wiki kadhaa na mguu umepungua, na kweli nimeuona umepungua. Anasema dawa hiyo ilifanyiwa utafiti hapahapa kwetu, kijiji cha Kimang'a, na minyoo inayoleta matende ikafa. Nikaingia mtandaoni nikakuta utafiti wa Kimang'a ni kweli upo, ila lugha yao ya kitaalamu imenishinda nikaishia njiani.

Ninachouliza: hiyo dawa ya Kimang'a ndio hii doksi inayouzwa duka la dawa? Nimnunulie mama? Na kama inaua minyoo kweli mbona kila mwaka wanakuja kutugawia vidonge vingine na si hivyo? Shangazi yeye kashasema ni jini la baharini tumpeleke kwa fundi, hilo nimeshakataa.

Kijana_wa_Maabara

Waaleykum salaam dada. Pole na kuuguza. Nakujibu hilo la Kimang'a kwanza maana watu wengi huku Tanga wanalijua nusunusu.

Ni kweli ni doksisaikilini, na ni kweli ilifanyika hapo Pangani, matokeo yalitoka 2005 kwenye jarida la Lancet la Uingereza. Walichukua wanaume 72 wenye vimelea kwenye damu, wakawagawa kwa bahati nasibu, kundi moja wanapewa doksisaikilini miligramu 200 kila siku kwa wiki 8, kundi lingine wanapewa kidonge kinachofanana ila hakina dawa ndani, na si mgonjwa wala mpimaji aliyekuwa anajua nani kapewa nini. Baada ya miezi 14 wakawapima kwa ultrasaundi, kwa sababu minyoo mikubwa kwa wanaume inapenda kukaa kwenye mishipa ya limfu (ile inayopitisha majimaji ya mwili) ya korodani na kwenye mashine unaiona kabisa inajinyonganyonga. Waliopewa dawa, 27 waliopimwa, minyoo ilionekana kwa 6 tu. Waliopewa kidonge kitupu, 27 vilevile, ilionekana kwa 24. Hiyo ni tofauti kubwa mno na ndio maana dunia nzima wanaitaja Kimang'a.

Namna inavyofanya kazi sasa, dawa hii haimpigi mnyoo mwenyewe moja kwa moja. Ndani ya mnyoo wa matende kuna bakteria wanaitwa Wolbachia, anaishi nao na anawategemea. Doksi inaua wale bakteria, mnyoo jike anakuwa tasa, halafu anakufa polepole kwa miezi mingi. Tofauti na aivamektini na albendazoli mnazomezeshwa, zile zinafagia watoto wa minyoo walioko kwenye damu lakini mama mtu anabaki, na anaweza kuishi miaka 6 mpaka 8 anaendelea kuzaa, ndio maana mnarudiwa kila mwaka.

Lakini soma hapa vizuri dada yangu. Walichopima Kimang'a ni MINYOO. Wale walikuwa wanaume wenye vimelea, swali lilikuwa minyoo inakufa au haifi. Hawakuchukua watu wenye miguu kama ya mama wakapima kama mguu unapungua. Ni maswali mawili tofauti. Mtu wa tende la miaka mingi mara nyingi ukimpima humkuti na kimelea hata kimoja, minyoo ilishakufa zamani, kilichobaki ni mishipa ya limfu iliyoharibika na ngozi inayoshambuliwa na bakteria wa kawaida wa nje. Sasa unamuua mnyoo gani?

Ami_Chumbageni

Mwanangu usimpeleke mama kwa fundi, hapo umefanya la maana na Mungu akuzidishie.

Mie ni wa zama zile watu wa utafiti wanakuja kutoa damu usiku, kuanzia saa nne usiku mpaka saa nane hivi, kwa sababu vijidudu vya matende mchana vinajificha usiku ndio vinatoka kwenye damu ya juu, wakati huohuo mbu wanauma. Wazee walikuwa hawataki, wanasema damu inachukuliwa usiku kwa sababu gani kama si ya kishirikina, ikabidi waelezwe nyumba kwa nyumba. Na huku kwetu mabusha watu walikuwa wanasema yanatoka kwenye kunywa madafu sana! Mtu ana busha anaacha madafu, kwenye chandarua hataki kulala. Mbu wa vyooni na kwenye makaro ndio hao hao wanaotuambukiza, na hata mbu wa malaria nao wanabeba.

Nilikuwa na busha mie, nalisema wazi wala sioni haya maana vijana wengi wanalificha mpaka linawavunjia ndoa. Lilipasuliwa, maji yakatolewa na ule mfuko ukashughulikiwa, nikapona, leo natembea na suruali kama watu. Busha ni operesheni, halimalizwi kwa kidonge. Tende la mguu ndio halina kisu kirahisi namna hiyo, linataka matunzo.

Nesi_Ngamiani

Shikamoo ami, umesema kweli hapo kwenye kuficha.

Dada Binti nami niongeze kwa upande wa wodini maana hizo homa za mama ndizo zinazonipa wasiwasi kuliko ukubwa wa mguu. Ile homa na mtoki na mguu kuwaka SI mnyoo, watu wengi wanadhani ni minyoo imeamka. Ni bakteria wameingia kupitia mlango mdogo kwenye ngozi, na mlango wenyewe mara nyingi upo katikati ya vidole, fangasi wamekula pale pameloa pameweupe pana ufa, au kakidonda chini ya mkunjo ambako hakuna anayeangalia. Daktari mmoja wa kule Recife Brazil, Gerusa Dreyer, ndiye aliyelishikilia sana jambo hili na wenzake, kwamba kila shambulio la namna hiyo linaharibu mishipa ya limfu zaidi na mguu unapanda hatua nyingine. Kwa hiyo ukizuia mashambulio umezuia mguu kukua.

Na kuzuia kwenyewe ni kazi ya beseni. Kila siku, maji safi ya kawaida yasiwe ya moto, sabuni ya kawaida, unaosha taratibu kuanzia goti kushuka, kila mkunjo unaufungua, kati ya kila kidole, husugui kwa dodoki wala jiwe. Halafu kukausha, na hapa ndipo watu wanapokosea, unakausha kwa kitambaa safi kwa kubonyeza mpaka kati ya vidole pawe pakavu kabisa, mie nawaambia watumie kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa inapenya vizuri. Pakiwa na fangasi paka dawa ya fangasi. Usiku mguu uwekwe juu ya mto, kukaa mchana mguu uinuliwe kwenye kigoda usawa wa nyonga, na kuuchezesha kifundo juu chini. Makubazi mapana yasiyombana, asitembee peku hata uani.

Hii si hadithi ya manesi tu imepimwa. Ethiopia kaskazini walichukua wagonjwa 696 wa tende lile linaloletwa na udongo mwekundu wa volkano, halina uhusiano na mbu kabisa, wakagawa makundi mawili, kundi moja likafundishwa kuosha na kupaka mafuta na kuvaa viatu mara moja, lingine likasubiri mwaka. Matokeo yalitoka 2018, waliokuwa wanaosha mashambulio yalipungua. Hayakuisha, nisikudanganye, yalipungua, ila kwa mtu anayeshambuliwa mara nyingi kwa mwaka kila moja likipungua ni siku za kazi amerudishiwa.

Siku homa ikimpanda: maji ya baridi kwenye mguu, apumzike, anywe maji, dawa ya homa, na MPELEKE kituo cha afya apewe antibayotiki. Mguu usikandwe na usifungwe bandeji siku hiyo, na msiuchanje kwa wembe hata kidogo, nawaomba sana, nimeona miguu iliyochanjwa ikaoza.

Binti_wa_Pangani

Ahsanteni jamani mmenifungua. Kati ya vidole vya mama ni kweli pameweupe, mie nilijua ni maji ya kufulia tu. Shikamoo ami.

Ila bado nina kitu, huyo jirani mguu wake si umepungua? Nimeuona kwa macho yangu. Sasa hiyo inakuwaje kama doksi si ya mguu?

Kijana_wa_Maabara

Swali zuri na ndio hasa utafiti ulipo. Ghana walijaribu kwa watu wenye miguu iliyovimba, matokeo yakatoka 2012, waliopewa doksisaikilini wiki 6 karibu 44 kati ya kila 100 mguu ulipata nafuu baada ya mwaka, na waliopewa kidonge kitupu hawakufika 6 kati ya 100. Watu wakafurahi. Baadae yakafanyika majaribio mengine Mali, India na Sri Lanka, safari hii kila mgonjwa wa kila kundi alifundishwa kuosha mguu kama nesi alivyoeleza hapo juu na akafuatiliwa kwa karibu, na faida ya doksi juu ya kuosha haikuonekana. Waliopewa kidonge kitupu huku wanaosha nao walikuwa wanapata nafuu.

Sasa mrudie jirani yako umuulize pole pole, alipoanza kumeza doksi alianza na nini kingine? Mara nyingi mtu akiamua kujitibu anaanza na kuosha, anavaa viatu, analala kaweka mguu juu. Na mguu wenyewe unapanda na kushuka, mtu anatafuta dawa siku umevimba zaidi, ukishuka wenyewe anasema dawa imefanya kazi. Simwiti muongo, mguu umepungua kweli, ila mguu mmoja hauwezi kukuambia kilichoupunguza. Ndio maana Kimang'a walihitaji wanaume 34 wa dawa na 38 wa kidonge kitupu, na wasiojua walichopewa.

Halafu kwa nini haigawiwi kwa wote: ni wiki kwa wiki, kidonge kila siku, na wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 8 hawapewi. Utaimezesha vipi wilaya nzima? Aivamektini na albendazoli mtu anameza siku moja kwa mwaka basi. Tanga zimeanza kugawiwa 2004, na zinatolewa msaada na watengenezaji wenyewe. Hizo kingatiba mama asiache kumeza zikija, hata kama mguu wake hautarudi, wewe na wajukuu ndio mnakingwa.

Nesi_Ngamiani

Na usinunue doksi dukani kichwakichwa dada. Mtu mzima ana dawa gani nyingine anameza? Presha? Vidonda vya tumbo? Doksi inataka kumezwa na maji mengi umekaa wima la sivyo inaunguza koo, na ngozi inababuka na jua. Daktari akiona inafaa ataiandika yeye, wapo wanaoiandika.

Kingine cha muhimu, je mama aliwahi kupimwa kweli ikasemwa ni matende? Maana mguu kuvimba si matende tu hata kama tunaishi pwani. Kuna moyo, figo, kuna TB ya tezi, saratani iliyoziba tezi za nyonga, kuna donge la damu kwenye mshipa, hilo la mwisho linakuja ghafla mguu mmoja na maumivu kwenye shavu la mguu na ni la kukimbilia hospitali siku hiyohiyo. Wa mama umekuja taratibu miaka mingi na mtoki juu kwa hiyo unafanana na matende, lakini apimwe.

Na ulizia bandeji za kubana. Australia, Canberra, walichukua watu 84 wenye miguu iliyovimba na bakteria wanaorudirudi, waliofungwa bandeji au soksi za kubana walirudiwa 15 kati ya 100, wasiofungwa 40 kati ya 100, tofauti ikawa kubwa hadi utafiti ukasimamishwa mapema, 2020 hiyo. Ila afungwe na anayejua, baada ya kuangaliwa kama damu inafika vizuri vidoleni, na asifungwe wakati ana homa. Kwa joto letu hili hasa kaskazi wengi wanazivua, kwa hiyo kuosha na kukausha ndio anzeni leo, bandeji mtaongea na daktari.

Binti_wa_Pangani

Nimeelewa. Naenda Pangani ijumaa na dawa ya fangasi na makubazi mapya, tutaenda nae hospitali ya Bombo Tanga wiki ijayo apimwe. Kijana wa Maabara, hicho kipimo bado ni cha usiku? Maana kumvusha mama mto usiku ni kazi.

Kijana_wa_Maabara

Hapana dada, kipo kipimo cha kidole cha kutafuta chembechembe za mnyoo, kinafanyika saa yoyote, tone la damu kwenye kipande kama cha malaria. Ila kikisema hana, usirudi nyumbani useme basi si matende, mwambie daktari historia yote ya mguu toka ulipoanza, na mtoki, na homa zinakuja mara ngapi. Kwa tende la zamani historia hiyo ina uzito kuliko kipimo.