GP (kituo cha daktari wa mtaa) wamemkatia mama dawa za presha kisa "tathmini", na hakuna anayewajibika

Wadau mlioko Uingereza, hasa wenye wazazi wagonjwa, someni hili mpaka mwisho. Nina hasira na sitaificha.

Mama yangu ana miaka sabini na ushee, ana presha na kisukari. Dawa zake ni zilezile miaka yote: amlodipine ya presha, metformin ya kisukari na kidonge cha kolesteroli. Anapewa za siku 28, zikiisha anapewa nyingine. Sasa niambieni, kitu ambacho tarehe yake ya kuisha inajulikana tangu siku kinapoandikwa, kinawashindaje kila mwezi?

Mwezi huu niliagiza mapema kupitia programu ya NHS, huduma ya afya ya serikali, kwenye simu. Ombi likakataliwa, eti ni mapema mno. Sawa, nikasubiri. Nilipoagiza tena vidonge vikiwa vimebaki vichache, metformin ikapita, amlodipine ikagoma: mgonjwa amepitiliza muda wa tathmini ya dawa, yaani kuangaliwa kama dawa bado zinamfaa. Hakuna aliyempigia mama simu wala kumtumia barua. Wameandika sentensi moja ya Kiingereza ndani ya programu, basi, wamemaliza kazi.

Nikaanza kutafuta miadi ya hiyo tathmini. Laini zinafunguliwa saa mbili asubuhi, unakaa kwenye foleni ya simu, ukija kupokelewa nafasi zimeisha, piga kesho. Kesho yake ni hivyohivyo. Nikamwambia dada wa mapokezi kwamba dawa zinakata wikendi hii. Akanijibu kwamba maombi yanachukua siku mbili za kazi na hana la kufanya. Akataka azungumze na mama mwenyewe kwa sababu za usiri. Nikampa mama simu. Mama anaongea Kiswahili. Nikaomba mkalimani, nikaambiwa hawana. Uongo! Kwenye huduma za NHS mkalimani ni haki ya mgonjwa na halipii hata senti.

Jumamosi pakiti ilikuwa tupu. Jumapili mama akaamka analalamika kisogo kinamgonga. Nikamfunga mashine ya presha mkononi: 178 kwa 96. Nikarudia baada ya kumpumzisha, ikashuka kidogo tu. Akaniuliza kwa nini tusiende kununua tu dukani kama Kariakoo. Nitamjibu nini? Hapa bila cheti cha daktari huuziwi.

Nikapiga 111, namba ya simu ya NHS ya ushauri wa afya. Wakaniuliza maswali, wakaniunganisha na famasi iliyokuwa wazi, na mfamasia akampa mama dawa za dharura za siku kadhaa. Huyo kaka Mungu ambariki, alitusikiliza na akampima presha palepale. Na hapa ndipo damu inaponichemka: njia hii ipo, na mtu wa mapokezi wa GP anaijua, ni kazi yake kuijua. Alishindwa nini kutamka neno moja, "piga 111"?

Hiyo tathmini yenyewe ilifanyika wiki iliyofuata kwa simu. Anaendeleaje, miguu haivimbi, hasikii kizunguzungu, basi. Dakika chache, dawa zikaruhusiwa. Msinielewe vibaya, sipingi tathmini. Mtu anayemeza metformin lazima apimwe figo na sukari, na presha lazima ifuatiliwe. Ila aliyechelewa ni GP, halafu anayekatiwa dawa ni mgonjwa! Wangempa za mwezi mmoja huku wakimpangia siku. Kumkatisha mzee dawa ya presha ghafla ili kumlazimisha aje, tena wakati huohuo miadi unamnyima, ni ukatili.

Bado hatujamaliza. Cheti kimetumwa kwa mtandao, famasi yetu wanasema hawajakiona, GP wanasema wametuma, tunatupiwa huku na huku. Kilipopatikana, vidonge vya miligramu 10 hakuna, vipo vya 5. Mfamasia akasema hawezi kutoa viwili viwili mpaka daktari aandike upya. Rudi GP. Siku mbili za kazi, tena.

Kuna utaratibu ambao daktari anaidhinisha dawa za hadi miezi 12 kwa mara moja, famasi inazitoa kila mwezi bila mgonjwa kuomba upya. Upo NHS, haujabuniwa na mimi, na umewekwa kwa ajili ya watu kama mama, ambao dawa zao hazibadilikibadiliki. Nimeuomba. Jibu: "Hapa hatufanyi hivyo." Sababu hawakutoa.

Nimeshaandika malalamiko kwa meneja wa kituo, na nimeomba kwa maandishi nipewe kibali cha kusimamia akaunti ya mama ili wasinisumbue tena na habari za usiri. Wakinyamaza, naenda bodi ya afya ya eneo, yaani ICB, maana tangu Julai 2023 malalamiko ya GP yanapokelewa huko.

Ninachoomba kwenu: aliyefanikiwa kuwekewa mzazi wake huo utaratibu wa miezi 12, alimwomba nani, daktari au mfamasia wa GP? Na aliyewahi kuhamisha mzazi kwenda GP mwingine huku ana dawa za kila siku, alifanyaje zisikatike katikati? Mama ana vidonge vya mwezi huu tu, nahitaji majibu kabla havijaisha.