Wakuu, risiva ya bunduki ya Remington 700 na mtutu mpya: vipimo vinanichanganya

Mtu_wa_Houston: Wakuu, habari za saa hizi. Niko Texas, nina Remington 700 ya risasi za .308, mtutu umechakaa. Nimenunua mwingine uliokerezwa tayari, nataka kuufunga mwenyewe. Nyuzi za risiva (mwili wa bunduki, mtutu unapokazwa) zinajulikana: kipenyo inchi 1 na 1/16, nyuzi 16 kwa inchi. Kinachonitesa ni kina chake. Nikipima toka uso wa risiva kwenda ndani, kila nikirudia namba inacheza elfu mbili, tatu za inchi (0.002, 0.003). Inaruhusiwa? Msimu wa kulungu umekaribia na watu nimeshawaahidi nyama. Matusi hapana.

Babu_Gobore: Babu yangu kule Sikonge alikuwa na gobore, kipimo chake jicho na Bismillah. Siku moja likatema moto kwa nyuma, ndevu zote kwishney. Nguruwe pori hata hakukimbia, alisimama kumshangaa.

Mama Nasra: Mwanangu, nyama inauzwa buchani. Mlituaga mnaenda kusoma.

Kereza_Gerezani: Mimi nakereza vyuma, si fundi bunduki, ila chuma ni chuma. Unapimia nini?

Mtu_wa_Houston: Venia ya dijitali, kile kipimio cha kubana. Ya bei chee lakini inasoma vizuri.

Kereza_Gerezani: Basi hizo elfu tatu ni za venia na mkono wako. Tafuta maikromita ya kina, futa grisi, angalia kama uso una kijinundu. Uso ukikaa upande, mtutu nao unakalia upande.
Ila inayoumiza watu ni nafasi toka uso wa bolti (komeo linalofunga risasi kwa nyuma) hadi bega la chemba, tundu la mtutu inapokaa risasi. Kwa .308, geji ya GO (kipande cha chuma cha kupimia nafasi hiyo) ni inchi 1.630, NO-GO ni 1.634. Tofauti yake unene wa karatasi ya printa. Bolti ifunge kwenye ya kwanza, igome kwenye ya pili. Yako je?

Mtu_wa_Houston: Ya kwanza inafunga safi kabisa mkuu.

Kereza_Gerezani: Nimeuliza zote mbili.

Mtu_wa_Houston: Ya pili nayo inafunga, ila kwa kubembeleza. Nadhani ni grisi.

Kereza_Gerezani: Grisi inaziba nafasi, haiongezi. Halafu geji haiingizwi mtutu ukiwa kabatini. Kumbe umeshaufunga! Na bolti ni ya bunduki hiyohiyo?

Mtu_wa_Houston: Nimeufunga ndiyo, nasubiri baraka zenu tu. Bolti niliinunua kando, risiva ilikuja bila bolti. Lakini ni Remington vilevile, kiwanda kimoja, sioni tatizo.

Mzee_wa_Chai: Hii chai, tena ya tangawizi. Risiva haina bolti, sasa mtutu ulichakaa kwa kupiga nini, miluzi? Huyu hana bunduki, ana bando.

Mtu_wa_Houston: Umechakaa kwa mwenyewe wa kwanza! Nilinunua risiva na mtutu mkuukuu juu yake. Picha nikitupia mtasema nimeiba.

Mama Nasra: Tupia tuone.

Kereza_Gerezani: Chai au si chai, nitajibu, kuna mwingine anasoma. Paka wino vishikizi viwili vya bolti, yale meno yanayoishika ndani ya risiva, ifunge na kuifungua. Wino ukifutika upande mmoja tu, kishikizi kimoja ndicho kinabeba mzigo wote. Na mzigo wenyewe unafika pauni 62,000 kwa inchi ya mraba. Ganda la risasi likikatikia ndani, gesi inarudi usoni. Peleka kwa fundi bunduki na bolti hiyohiyo, arudishe bega la mtutu nyuma na kukata chemba upya, GO ifunge na NO-GO igome.

Mtu_wa_Houston: Fundi wa huku ana foleni hadi msimu uishe. Nikifyatulia mbali, kwa kamba, ikitoka salama si ndiyo basi?

Kereza_Gerezani: Hapana. Ganda la kwanza linaweza kutoka zima, la tano likakatika, na hapo kamba umeshaivua.

Mama Nasra: KAMBA?

Babu_Gobore: Mkuu akishavuta kamba atuletee mrejesho. Akikawia, venia naiwahi mimi.