Nataka kuhama Dar nirudi Njombe kulima parachichi, wenyeji mnasemaje?

Mtoka_Tabata
Kamwene wakuu. Mimi na mke wangu Dar imetuchosha, kodi kila mwaka inapanda, foleni, joto, tumeamua kuhamia Njombe kwao marehemu baba ila mimi sijakulia huko. Dalali katutafutia ekari 10 bondeni, maji yanapita mwaka mzima, anasema bei ya kutupa. Tunataka tupande parachichi aina ya Hass. Kulima nimeshajifunza, ninachouliza ni watu wa mjini tukija kununua huko wenyeji mnabaki vipi?

Binti_Bena
Kamwene kaka, karibu nyumbani. Kabla hujatoa hata shilingi uliza hilo bonde analima nani. Mabondeni huku ndo kwenye vinyungu, mvua zikikata mwezi wa tano mlimani kunakauka watu wote wanashuka bondeni kulima mahindi mabichi, maharage, viazi, mboga, ndo chakula na ndo hela ya madaftari mpaka mvua zirudi. Kinyungu mara nyingi ni cha ukoo, mama ana matuta yake, shangazi ana yake. Sasa dalali anaongea na kaka mtu mmoja tu, hela inaishia kwenye pikipiki, akina mama wanakuja na majembe asubuhi wanakuta seng'enge. Jirani yangu saizi anapalilia kwa kibarua palepale alipokuwa analima vya kwake, jioni anapewa ujira anaenda kununua unga dukani, unga jamani, mtu aliyekuwa na ghala! Inaniuma sana.

Mzee_wa_Hati
Dada kaongea. Kisheria pia dalali hana ardhi ya kugawa. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria namba 5 ya 1999, maombi yanaenda halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji lazima uridhie, karatasi ya kusainiwa gesti Makambako haikusaidii kitu. Alafu kuna Sheria ya Mazingira ya 2004, ndani ya mita 60 kutoka mtoni huruhusiwi kufanya shughuli za kudumu, ukiyatoa hayo kwenye bonde jiulize unabaki na nini.

Mafinga_Baridi
Mkuu mimi nilihamia huku kutoka Dar na familia nzima kwahiyo sikukatishi tamaa hata kidogo. Watu wa mjini tumeleta vibarua, maduka ya pembejeo, vijana wamejifunza kubebesha miche (kuunganisha) na wanaiuza. Ila kuna anayehamia na kuna anayelima kwa simu yuko Dar, na huyu wa pili ndo tatizo, shamba halifyekwi, barabara ya moto, ule ukanda unaofyekwa kuzuia moto usivuke, hakuna, mwezi wa tisa na wa kumi moto ukianzia kwake unakula miti ya misindano ya kijiji kizima na yeye kwenye msiba haonekani wala mchango wa darasa hatoi.
Nunua mlimani, bonde waachie wenyewe. Mita 7 kwa 7 ekari inaingia miche kama 80, kiangazi lazima umwagilie mpaka ikomae, hayo maji kaeni na wenzako mpangiane zamu, usitege pampu kimyakimya usiku. Anza na ekari mbili, mwaka wa tatu ndo utaanza kuona matunda ya kwanza kwahiyo uwe na cha kula hapo katikati. Na mwezi wa sita na wa saba baridi yake si ya mchezo, watoto waje na masweta.

Mtoka_Tabata
Nimewaelewa na nashukuru mno, hilo bonde naachana nalo leo hii na dalali nishamwambia. Mke wangu kasoma ile habari ya jirani yake Binti_Bena akasema bora tukodi kwanza msimu mmoja watu watujue. Sasa nikifika naanzia kwa nani?

Binti_Bena
Mwenyekiti wa kitongoji, yeye ndo atakupeleka kwa mtendaji. Ila nenda na mtu wa ukoo wa baba yako, na mkeo aende kwa akina mama akawaulize mipaka, maana mipaka yote ya huko wao ndo wanaijua.