Muralitharan na Warne: Je, Wiketi 176 Zifutwe?

Mchangiaji aliyenitangulia anadai kwamba wiketi 800 (yaani wapigaji aliowatoa) za Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka katika kriketi ya Tesiti, mechi za kimataifa za siku tano, zimetiwa maji, kwa kuwa 176 kati yake alizipata dhidi ya Zimbabwe na Bangladesh, timu zilizohesabiwa dhaifu, ilhali Shane Warne wa Australia, mwenye 708, alipata 17 tu kwa timu hizo mbili. Kwa hiyo, kwa maoni yake, Warne ndiye mrushaji mkuu wa spini, yaani mpira unaozungushwa ili ubadili mwelekeo unapodunda, wa nyakati zote. Naipinga hoja hiyo, na naanza na hesabu yake mwenyewe.

Tuziondoe hizo 176 zote, pamoja na mechi alizozipatia. Muralitharan anabaki na wiketi 624 katika mechi 108, yaani karibu 6 kwa kila mechi. Tukimfanyia Warne vivyo hivyo, anabaki na 691 katika mechi 142, wastani usiofika 5. Wapo watakaojibu, na wana haki, kwamba Warne aligawana windo na Glenn McGrath, mrushaji wa kasi wa Australia aliyefikisha wiketi 563, wakati kule Sri Lanka, ukimtoa mrushaji Chaminda Vaas, hapakuwa na wa kumpunguzia Muralitharan mzigo wala sifa. Hoja hiyo, hata hivyo, ni msumeno. Mpigaji aliyekabiliana na Warne mara nyingi alifika kwake akiwa amekwisha kutikiswa na McGrath. Aliyekabiliana na Muralitharan alijua kwamba akizivumilia ova zake (vipindi vya mirusho sita), upande wa pili angepumua.

Kwa wanaosema alihitaji wanyonge, nawakumbusha uwanja wa Oval, London, mwaka 1998. Uingereza ilipiga mikimbio 445 katika zamu ya kwanza, alama ambayo kwa kawaida humhakikishia mwenyeji kwamba hatapoteza mechi. Muralitharan alichukua wiketi 7 katika zamu hiyo, kisha 9 katika ya pili huku akiruhusu mikimbio 65 tu, na Sri Lanka ikapata ushindi wake wa kwanza wa Tesiti katika ardhi ya Uingereza.

Suala la mkono wake limejadiliwa hadi limechosha, lakini haliwezi kurukwa. Mjini Melbourne, mwezi Desemba 1995, mwamuzi Darrell Hair aliuhesabu mrusho wake kuwa haramu mara 7, akiamini kwamba anakunjua kiwiko anaporusha, jambo ambalo kanuni hukataza. Kiwiko hicho hakinyooki kikamilifu tangu azaliwe, na jicho lililo mbali huona mkunjo likadhani ni mkunjuo. Mwaka 2004 alikubali kufungwa kifaa kigumu kinachozuia kiwiko kucheza, akarusha mbele ya kamera, na mpira ukazunguka vilevile. Ni kweli kwamba kanuni ililegezwa baadaye, ikaruhusu kiwiko kikunjuke hadi nyuzi 15 kwa warushaji wote. Wanaoliita hilo upendeleo husahau kwamba vipimo vilionyesha kuwa hata warushaji wengi wa kasi, ambao hakuna aliyewatilia shaka, walikuwa wakikunjua mkono kuliko kanuni ya zamani ilivyoruhusu.

Udhaifu halisi wa upande wangu uko kwingine, na ajabu ni kwamba wapinzani hawautumii ipasavyo. Akiichezea Sri Lanka nchini Australia, Muralitharan alipata wiketi 12 tu katika mechi 5, kila moja ikimgharimu zaidi ya mikimbio 75. Hilo ni doa, wala sitalipaka rangi. Ila Warne naye, alipokwenda India, ambako spini ndiyo chakula cha kila siku cha wapigaji, alilipa mikimbio 43 kwa kila wiketi, na hakuna anayependekeza tumpunguzie heshima kwa ajili hiyo.

Mwenzangu mwingine ameandika kwamba urithi haupimwi kwa takwimu, na ametaja mpira ule alioutupa Warne katika uwanja wa Old Trafford, Uingereza, Juni 1993. Mpira ulielea kuelekea upande wa miguu ya mpigaji wa Uingereza Mike Gatting, ukadunda nje kabisa ya vigingi vitatu alivyokuwa akivilinda, ukakata kona mbele ya gongo, kisha ukagusa ncha ya kigingi cha upande wa pili. Gatting alisimama kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Nakiri kwamba vijana wengi walianza kuzungusha mpira kwa kifundo cha mkono kwa sababu ya Warne, ingawa naona si haki kumwita mfufuaji wa sanaa hiyo bila kumtaja Abdul Qadir wa Pakistan, aliyeilinda katika miaka ya 1980 wakati karibu kila timu ilitaka kasi tu.

Lakini kuvutia wafuasi ni jambo moja, na kuwatoa wapigaji ni jambo jingine. Swali lililoletwa hapa linahusu la pili. Muralitharan alichukua wiketi 5 au zaidi katika zamu moja mara 67, Warne mara 37, ingawa Warne ndiye aliyecheza mechi 12 zaidi. Anayemtaka Warne awe wa kwanza na atueleze pengo la mara 30 limetoka wapi, bila kurudi tena Zimbabwe na Bangladesh.