Naomba ushauri: kanda za kaseti zimeota ukungu

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nilijiwekea nadhiri ya kusikiliza kanda zangu zote, upande A hadi B, bila kuruka. Ziko 140, nyingi nimerithi kwa marehemu baba: Morogoro Jazz, Mlimani Park, Culture Musical Club ya Unguja, na boksi zima la nyimbo alizorekodi mwenyewe redioni. Hizo za redioni ndizo zinaniuma, maana siwezi kuzinunua popote. Kwenye moja anasikika akikohoa katikati ya wimbo.

Nimefika ya 37, nimekwama. Kama kumi hivi zina unga mweupe pembeni mwa mkanda na sauti imefifia. Nyingine, ile ya dakika 120 yenye mkanda mwembamba, imetafunwa na deki. Nimeirudisha kwa kalamu lakini imekunjamana.

Nimesafisha hedi (kile kichwa cha deki kinachosoma mkanda) kwa pamba na spiriti, fundi kanibadilishia mpira wa deki. Zilizo safi zinalia vizuri kabisa. Zenye ukungu sijathubutu kuzicheza tena, nisije nikachafua na nzima.

Maswali yangu ni mawili. Ukungu wa kwenye mkanda mnautoaje bila kuharibu sauti? Fundi anasema nipitishe spiriti kwenye mkanda wenyewe, mimi naogopa. Pili, laptopu yangu ina tundu moja tu la hedifoni: ninunue kifaa gani cha bei ya kawaida nihamishie nyimbo stereo?

Natanguliza shukrani.